Sambaza na kirukanjia wa maji: tuhesabu kutoka kumi hadi moja

Pwani wana taa mwenye madoa ya buluu, Amerika ya Kusini wana oposumu wadogo wanaoenea kiganjani, na kila upande una mashabiki wake. Sisi wa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda, hatuna hata mmoja kati ya hao, lakini wa kushindanishwa hatujakosa. Tuna sambaza, samaki mdogo wa rangi ya fedha ambaye wilaya yetu yote ya Rubavu inamjua kwa ladha. Na ng'ambo, kwenye vijito vya milima ya Kivu ya Kongo, yuko kirukanjia wa maji, mnyama mdogo mwenye manyoya ambaye wataalamu humwita Micropotamogale ruwenzorii. Huyu wa pili wengi wetu hatujawahi kumsikia, na ndiyo sababu nimeamua kumsemea.

Mpinzani wangu ni shemeji yangu, mvuvi wa Rubona. Yuko upande wa sambaza tangu zamani, na nani atamlaumu? Sambaza ndiye aliyemlipia mahari. Sisi mashemeji ni watani, kwa hiyo asitarajie mtu upole humu ndani. Tumewekeana sharti moja tu: ukileta hoja, njoo na ukweli wake mkononi.

10. Ukubwa

Tuanze na jambo jepesi. Sambaza anayefika sokoni ana urefu wa kidole. Kule Ziwa Tanganyika, kwenye asili yake, wa aina yake huweza kufika sentimeta 17, ila huku kwetu wengi huishia chini ya hapo. Kirukanjia wa maji ana mwili wa sentimeta 12 hadi 20, na mkia juu yake wa sentimeta 10 hadi 15. Uzito wake waweza kufika gramu 135.

"Wako unamhesabu mmoja mmoja," shemeji akasema. "Wangu anahesabiwa kwa ndoo."

Hiyo ndoo ni kukiri, shemeji. Mmoja mmoja hamwezani. Kirukanjia 1, sambaza 0.

9. Anwani

Hapa shemeji aliingia kwa kishindo. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za mraba 2,370, kina chake kinafika mita 485, na liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. "Wangu ana ziwa zima, shemeji. Wako ana mfereji."

Taratibu. Nyumba ni kubwa kweli, lakini mpangaji wako anatumia ghorofa ya juu peke yake. Ukishuka zaidi ya mita sitini na kitu, oksijeni hakuna, na msimu wa mvua mstari huo hupanda hadi karibu mita 30. Chini yake maji yamebana gesi: kama kilomita za ujazo 60 za methani na kama 300 za kabonidioksidi. Watu wa Gisenyi hatuhitaji kuelezwa habari hiyo na mgeni. Methani ya Kivu ilianza kuvutwa Rubona mwaka 1963, ikatumika kwenye mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, na siku hizi mtambo wa KivuWatt kule Karongi unaigeuza umeme. Kwa sambaza, pale oksijeni inapoishia ndipo dunia inapoishia. Anaishi maisha yake yote juu ya shimo ambalo hawezi kulichungulia.

Kirukanjia naye anakaa kwenye mito midogo na vijito, kati ya mita 800 na 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kuanzia maeneo ya Rwenzori hadi milima ya magharibi mwa Ziwa Edward na Ziwa Kivu. Makao yake yanayojulikana vizuri yako Kongo. Nilipolitamka hilo shemeji aliruka: "Mtu wa Rubavu unashabikia Mkongomani!" Na wewe je, samaki wako si wa Tanganyika? Tukacheka wote wawili, maana mpaka wetu na Goma ni barabara ambayo watu huvuka asubuhi na kurudi jioni, na maji hayajawahi kuonyesha kitambulisho.

Ghorofa moja ya ziwa bado ni kubwa kuliko kijito. Nampa. 1 kwa 1.

8. Mavazi

Magamba ya sambaza yanang'aa mpaka yanavutia jua, lakini hayadumu. Mshike tu, yanabaki kwenye vidole, na muuzaji wa sambaza utamjua kwa mikono inayometameta mpaka jioni. Kirukanjia amevaa manyoya mazito, kahawia iliyokolea mgongoni na ya kufifia tumboni. Rangi ya tope. Urembo kwa sambaza, koti la baridi kwa kirukanjia. Sare, tusonge.

7. Kuogelea

Shemeji alitaka pointi hii bila mjadala. "Samaki, shemeji! Tunabishana nini?"

Tunabishana kwa sababu samaki kuogelea si sifa, ni kazi yake ya kila siku. Sifa ni ya mnyama anayevuta hewa kwa pua, mwenye damu ya moto, ambaye usiku wa manane anajitupa kwenye maji ya mlimani kutafuta riziki. Na hapa kirukanjia wetu ana jambo la kujivunia hata mbele ya ndugu zake. Aina za ukoo wake wa karibu ziko tatu tu duniani, zote Afrika. Kuna yule mkubwa wa misitu ya Kongo, Potamogale velox, anayejisukuma kwa mkia wenye nguvu. Kuna mdogo wa Mlima Nimba kule Guinea, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1954. Wote hao vidole vyao viko wazi. Wa Kivu peke yake ndiye mwenye utando kati ya vidole, miguu ya mbele na ya nyuma, na anapiga maji kwa miguu hiyo.

Sambaza nimpe haki yake: safari yake ya kila siku si ndogo. Mchana hushuka kwenye maji ya chini, giza likiingia hupanda juu kufuata chakula. Panda, shuka, kila siku ya Mungu, tena kwa kundi. Ningempa pointi kama asingekuwa na mapezi. 2 kwa 1, kirukanjia.

6. Sahani

Kirukanjia anakula minyoo, viluwiluwi vya wadudu wa majini, kaa wadogo, vyura na samaki wadogo. Ana ndevu ngumu pembeni ya mdomo, nazo humwambia kuna nini mbele yake kule gizani ambako macho yake madogo hayamsaidii sana. Akikamata, hali ndani ya maji. Anapanda ukingoni na mzigo wake, anakula akiwa nchi kavu. Nani kamfundisha adabu hiyo sijui, lakini ipo.

Sambaza anakula zuplanktoni, vile vijidudu vidogo vinavyoelea majini, pamoja na wadudu. Akishakuwa mkubwa anakula pia sambaza wadogo.

"Watoto wa jirani," shemeji akamtetea.

Wa jirani, wake, anajuaje? Hapa sina huruma naye. Kabla hajaletwa, maji ya katikati ya Kivu yalikuwa na dafnia, kijidudu kikubwa kidogo kuliko wenzake na kinachokamatika kwa urahisi. Sambaza alipokuja, dafnia akatoweka. Mwaka 1986 Henri Dumont, mwanasayansi wa Ubelgiji, aliandika makala akiuliza kama hili halikuwa janga jingine la kimazingira kwa Afrika. Ziwa halikufa, nashukuru. Mwapu Isumbisho wa chuo cha ISP Bukavu na wenzake walipochunguza zuplanktoni wa Kivu nusu karne baada ya sambaza kuingia, walikuta kopepodi wadogo ndio wanaotawala, na sambaza bado anakula na bado anavuliwa. Lakini meza iliyokuwepo zamani haipo tena, na aliyeipindua tunamjua. 3 kwa 1.

5. Malazi

Kirukanjia anachimba chumba kwenye ukingo wa kijito na kukitandika nyasi. Sambaza hana chumba. Shemeji anadai asiye na nyumba halipi kodi, hoja ambayo sikuipatia jibu la haraka. Hakuna pointi.

4. Ukoo

Hapa niombe nafasi kidogo, maana hii ndiyo hoja iliyonifanya nimpende mnyama huyu.

Mwangalie: pua ndefu na butu, macho kama hayapo, ndevu zimesimama, mkia mrefu, mwili wa kuteleza. Utasema panya. Ukiwa mwenyeji wa ziwani utasema mtoto wa fisi maji. Wanasayansi nao kwa muda mrefu walimweka kapu moja na virukanjia wa kawaida, wale wanaopita kando ya ukuta wa jiko usiku, kwa kuwa wote ni wadogo, wote wana pua ndefu, na wote hula wadudu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja uchunguzi wa vinasaba, na kapu likamwagika. Ikaonekana kuna wanyama ambao kwa sura hawafanani hata kidogo, lakini damu yao ni moja. Mwaka 1998 ukoo huo ukapewa jina Afrotheria, wanyama wa Afrika. Ndani yake yumo tembo. Yumo nguva wa baharini. Yumo pimbi wa kwenye miamba, muhanga anayechimbua mchwa, sange mwenye pua ya kuchezacheza, fuko wa dhahabu, na tenreki wa Madagaska. Na yumo kirukanjia wa maji. Babu yao wa zamani sana aliishi wakati bara letu lilipokuwa peke yake, limezungukwa na bahari pande zote, na humo wakagawana kazi: mmoja akawa mkubwa, mmoja akaingia baharini, mmoja akachimba ardhi, mmoja akashuka kijitoni.

Kwa hiyo panya unayemwona anapita kwenye majani ya Masisi au Kalehe kule Kongo ana undugu wa karibu zaidi na kirukanjia wa jikoni kuliko alionao yeye mwogeleaji wetu. Yeye akihitaji ndugu kwenye harusi, ataita tembo.

Shemeji alitazama upande wa Goma, akafikiri, akauliza: "Tembo ana habari?"

Tembo hana habari, shemeji, na watu wengi pia hawana. Ndiyo maana ninaandika.

Sambaza ukoo wake ni wa dagaa wa baharini na sadini, wale wa kwenye kopo. Ni ukoo wa heshima, uliolisha watu wengi kuliko tembo alivyowahi kulisha. Lakini kwa mshangao haufikii huu. 4 kwa 1, na shemeji akaanza kukunja mikono ya shati.

3. Safari ya kuja

Kwenye hoja hii sambaza alirudi mchezoni, na kwa haki kabisa.

Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakajaa nyuma yake, na takriban miaka 10,000 iliyopita ziwa likafurika kusini na kuanza kumwagika Tanganyika kupitia mto Rusizi. Njia ya maji ikawepo, ila ya kushuka tu. Kutoka Kivu hadi Tanganyika Rusizi unateremka karibu mita 700, kwenye magenge na maporomoko madogo ambayo samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda. Ndiyo maana Kivu lina aina chache za samaki ukililinganisha na majirani zake, na maji ya katikati yalikuwa hayana samaki anayeishi kwa zuplanktoni. Chakula kilikuwepo, mlaji hakuwepo.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, Mbelgiji A. Collart wa idara ya uvuvi alileta vifaranga kutoka Tanganyika. Walikuwa wa aina mbili zilizochanganyika: sambaza wetu, Limnothrissa miodon, na Stolothrissa tanganicae, dagaa maarufu wa Kigoma. Kwao dagaa huyo ndiye mwenye wingi na jina. Kivu likamkataa. Aliyebaki ni sambaza.

"Umeona?" shemeji akasimama kabisa. "Aliletwa pamoja na mwenye jina, mwenye jina akashindwa, yeye akakaa!"

Nimeona, na nimeguswa. Kufika mahali ambapo wenzako wote hawajawahi kufika, kwenye ziwa lenye gesi chini na volkano juu, ukaanza maisha na ukajaza maji kutoka Gisenyi hadi Rusizi! Mwaka 2006 akaonekana mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, samaki mwenye vidoti vya buluu ambaye wavuvi walimbatiza Rwanda Rushya. Anagombea chakula na sambaza, lakini sambaza bado yupo.

Kirukanjia hakusafiri. Alikuwepo. Kilichochelewa ni watu kumwona: Wabelgiji de Witte na Frechkop walimweleza kwa mara ya kwanza kwenye sayansi mwaka 1955, miaka michache tu kabla ya vifaranga kupakiwa. Urs Rahm, Mswisi aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, upande wa Bukavu, akamfuga mmoja na kuandika alichokiona mwaka 1961. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha yake ilianzia kwenye kituo hicho, ng'ambo ya ziwa hili hili tunaloogea.

Kukaa kwenu si ushujaa. 4 kwa 2.

2. Jina mjini

Nenda kilabuni ufukweni jioni, uagize sambaza. Wanakuja wamekaangwa wakavu, kichwa kwa mkia, limao limekatwa pembeni na pilipili ndani ya kisahani. Huondoi mfupa wala kichwa. Unamshika mkia, unamchovya, unammaliza kwa mara mbili, na kabla hujasema neno mkono umeshamfuata wa pili. Kelele ya mfupa wa sambaza kati ya meno naijua tangu utotoni, na sitajifanya naiona ndogo kwa sababu ya ubishi.

Kisha simama ukingoni jua linapozama. Ekipi zinatoka: mitumbwi mitatu imefungwa sambamba kwa miti, na miti mingine mirefu imetokeza mbele na nyuma kushikilia wavu. Watu wanapiga makasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na wimbo ndio unaoweka makasia pamoja. Wakifika mahali wanawasha taa. Zamani ilikuwa karabai, leo ni taa za betri na za sola. Vijidudu vinakusanyika kwenye mwanga, sambaza anavifuata, wavu uko chini yake unamsubiri. Usiku wa mbalamwezi biashara inakuwa mbaya, maana ziwa zima lina taa na samaki hana sababu ya kuja kwenye yako. Usiku wa giza, ukitazama kutoka mjini, maji yote yana nukta za mwanga.

Haya hayakutokea siku moja. Samaki aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini uvuvi wa maana wa Rwanda ulikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1979 mradi wa FAO na UNDP ulifanya kazi hapa hapa Gisenyi kuufundisha na kuupanga uvuvi wa sambaza. Wazee wa Rubona waliokuwa vijana wakati huo bado wanaweza kukueleza namna wavu unavyoteremshwa, wakitumia mikono miwili na kikombe cha chai. Sambaza akawa protini ya mtu wa kawaida, mboga ya anayeshindwa kununua nyama, mtaji wa mama mwenye beseni.

Na si Kivu peke yake. Mwaka 1967 na 1968 samaki huyu huyu alipelekwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Kule wanamwita kapenta, wanamkausha, wanamla na ugali wao. Kutoka hapo akashuka na Zambezi mpaka Cahora Bassa nchini Msumbiji, na safari hii hakuna aliyembeba.

Nilimuuliza shemeji kama amewahi kusikia wimbo mmoja wa kirukanjia. Hakujibu. Alianza kuimba wa kwake, wa makasia, kwa sauti, na meza ya jirani ikaitikia. Ubishi gani utashinda hapo? Hii nampa pointi mbili. 4 kwa 4.

1. Nani anakufa bila mtu kuhesabu

Tulikubaliana hoja ya mwisho ichaguliwe na mimi, na nimechagua hii.

Sambaza ana watu wa kumhurumia, angalau kwa sheria. Kila mwaka Rwanda inafunga uvuvi Ziwa Kivu kwa takriban miezi miwili ili azaliane. Sambaza hutaga karibu na ukingo, na wadogo hukulia huko kabla ya kwenda maji ya katikati. Ndiyo maana nyavu za kaningini, zenye matundu madogo, zinazokokotwa kandokando ya ziwa, zimepigwa marufuku: zinabeba watoto kabla hawajawa samaki. Shemeji akifika hapa hacheki. Anaowachukia kuliko mbalamwezi ni watu wa kaningini, na ana sababu. Miezi miwili anakaa bila kipato ili ziwa lijae, halafu mtu mmoja usiku anazoa mavuno ya kesho kwenye wavu wa kupitishia chai.

Kirukanjia hana miezi miwili. Havuliwi makusudi na hakuna anayemtaka sokoni. Anaingia kwenye mgono. Watu wa vijiji vya mlimani hutega migono kwenye vijito kwa ajili ya samaki na kaa, na mnyama anayewinda usiku kwa ndevu zake anafuata windo hilo hilo, anapita mlango ule ule. Samaki ndani ya mgono anaendelea kuishi mpaka asubuhi. Kirukanjia anavuta hewa. Miguu yake yenye utando haimsaidii chochote mle ndani. Vielelezo kadhaa ambavyo wanasayansi walivipata vilitoka hivyo, kwenye mitego ya samaki, vikiwa vimezama. Yaani hata kumjua kwetu, kwa sehemu, kumetokana na kufa kwake.

Halafu kuna kijito chenyewe. Tazama mto wetu Sebeya, unaoteremka kutoka nyanda za Gishwati na kuingia ziwani hapa Rubavu. Msitu wa Gishwati, unaokadiriwa kuwa zamani ulikuwa na hekta 28,000 hivi, ulikuwa umebaki kama hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mlima ukivuliwa miti, mvua inashuka na udongo wote. Mwezi Mei mwaka 2023 Sebeya ilifurika na kuingia majumbani mwa watu, na Rubavu ilizika wafu wake. Hiyo ni hasara ya watu, na sitaiweka kwenye mizani moja na ya mnyama. Nasema tu kwamba mito ya ng'ambo nayo inashuka kutoka milima inayokatwa miti na kulimwa mpaka kwenye ukingo, na kwenye ukingo ndipo kirukanjia anapochimba chumba chake. Gishwati imerudishiwa ulinzi, sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura. Natamani kila kijito cha Kivu kipate mlima wake.

"Sasa mgono tuufanyeje?" shemeji akauliza, safari hii kwa sauti ya kikazi. "Watu wasile?"

Wale. Mgono si lazima uzame wote. Ukifungwa juu kidogo, sehemu ya nyuma ikabaki nje ya maji, samaki bado hatoki, na mwenye mapafu anapata mahali pa kuweka pua mpaka mwenye mtego aje asubuhi amwachie. Haigharimu kitu zaidi ya kamba na kigingi. Shemeji, ambaye amefunga kamba maisha yake yote, alichukua vijiti vya mishikaki mezani akanionyesha namna ambavyo yeye angeufunga ili mkondo usiulaze, na ufundi wake ulikuwa bora kuliko wazo langu.

Kisha akadai malipo. Watoto wa sambaza nao wanakufa bila kuhesabiwa, akasema, na suluhisho la mgono limetoka kwa mvuvi wa sambaza, kwa hiyo pointi igawanywe. Nimeigawa. Nne na nusu kwa nne na nusu, na anayetaka kupinga aje Rubona na ukweli wake mkononi, sahani ya kwanza atalipa shemeji.